Naombeni ushauri: nina sarafu za shaba za zamani za majimbo ya Uswisi, niziuze au nizitunze?

Kibarua wa Milimani

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa wangu shikamooni.

Naishi Uswisi, jimbo la Schwyz (wenyewe huku wanasema kantoni), na kazi zangu ni za mikono. Nimejikuta na sarafu za shaba za zamani, arobaini na kidogo. Si Rappen hizi tunazorudishiwa chenji dukani leo. Ni za enzi zile kila jimbo lilipokuwa linapiga fedha yake lenyewe, kabla shirikisho halijaja na faranga moja kwa nchi nzima. Zipo za Luzern, nyingine zimeandikwa RAPPEN (sita kati yake za mwaka mmoja, zimechakaa sawasawa), nyingine ANGSTER. Za Schwyz vilevile. Za Zug chache. Halafu zipo nne za Ticino, jimbo la kusini wanakoongea Kiitaliano, zilizoandikwa DENARI. Miaka inayosomeka inaanzia 1780 na kitu, ya mwisho ni 1846.

Naomba msaada. Kwanza, zina ukijani na baadhi zimeshikana: nizisafishe na nini? Pili, niziuze moja moja au zote kwa pamoja? Maana kuna mtu anazitaka Jumamosi hii na ameshanitajia bei. Tatu, nikiamua kubaki na baadhi, naweza kuzitia kwenye bahasha nikazituma Dar kwa mdogo wangu anitunzie?

Mwenye uelewa anisaidie mapema. Hili jambo linaninyima usingizi.

Chaupele

Nimewahi siti ya mbele. Mkuu, shaba tu inakunyima usingizi? Ungepata dhahabu si ungelazwa.

Mama Neema

Marahaba mwanangu. Mimi sijui habari za sarafu, ila nimesikia neno "mdogo wangu" sijasikia neno "mama". Mama yako yuko hai? Kama yuko hai, uza hizo shaba, mtumie hela, mambo ya kutunza waachie wenye makabati. Wa kwangu wa kwanza alienda Uholanzi, kila akirudi anakuja na vitu vya kale: saa mbovu, funguo za milango isiyojulikana ni ya nyumba gani. Namuuliza, baba, hivi vyote wenyewe walikufa, wewe unavitakia nini? Ananicheka. Mwaka juzi bati la jikoni limevuja masika nzima na yeye ana sanduku zima la funguo.

Babu wa Chumbageni

Kijana, kwenye kusafisha sikiliza mtu aliyeona kwa macho.

Marehemu baba alikuwa na kopo la pesa za ile Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zile za shaba za mwaka 1890 hadi 1892, zenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Sitini na nne zilifanya rupia moja, mpaka Wajerumani walipobadili hesabu mwaka 1904, ikawa heller mia kwa rupia. Humo koponi mlikuwa pia na pysa za Sultani Barghash wa Unguja, zenye mizani, mwaka wake 1299 kwa hesabu ya Hijra. Siku moja ya kuamkia Idi shangazi yetu akazichanganya na masinia na mabirika, akazipiga ndimu na majivu. Zikang'aa kama jua la saa nne. Alipokuja mnunuzi kutoka Mombasa akaziangalia moja baada ya moja, akazirudisha koponi, akasema hizi zimechunwa ngozi. Alichukua mbili tu ambazo shangazi hakuziona kwa kuwa zilikuwa zimezama kwenye kutu ya chini ya kopo.

Ndimu na shaba ya kale visikutane.

Sarafu Kuukuu

Babu kasema kweli tupu. Mimi nipo Winterthur, nakusanya sarafu za majimbo kwa muda mrefu, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Ndimu, siki, dawa ya meno, poda ya kusugulia sufuria, vyote hivyo vinakula ule utando ambao shaba imejijengea yenyewe kwa miaka mia na zaidi. Ukiondoka haurudi. Ukijani mgumu, uliotulia, uliofunika sawasawa, huo hauna neno. Wa kuogopa ni ule wa unga unaobaki kidoleni ukiugusa, maana huo unaendelea kula chuma. Zilizoshikana usizitenganishe kwa kisu. Na usizitie kwenye vile vifuko laini vya plastiki vya PVC, baada ya muda vinatoa kemikali inayofanya shaba iwe na utelezi wa kijani. Karatasi isiyo na asidi, mahali pakavu, inatosha.

Kutambua: sarafu ndogo nyingi za majimbo watu huziita shaba kumbe ni biloni, yaani shaba iliyochanganywa na fedha kidogo, ambayo ikichakaa inakuwa nyekundu. Batzen ndizo hizo, na Bluzger za Graubünden. Ila Rappen na Angster za Luzern na Schwyz, na denari za Ticino, ni shaba hasa. Maandishi yakiwa yamefutika, angalia ngao. Wachongaji walikuwa na kanuni: mistari iliyolala ni rangi ya buluu, iliyosimama ni nyekundu, patupu ni nyeupe. Ngao iliyogawanywa katikati kwa wima, nusu imelala nusu tupu, ni Luzern. Nusu imesimama nusu imelala, ni Ticino. Tupu yenye mkanda mmoja wa mistari iliyolala katikati, ni Zug.

Bei: zilizochakaa nyingi zinakwenda kwa faranga chache tu kila moja. Utajiri haupo hapo, nakuambia mapema.

Sasa swali langu mimi. Umezipata wapi?

Kibarua wa Milimani

Asante sana Sarafu Kuukuu, hiyo ya mistari imenisaidia, nimezitambua tatu ambazo sikuwa nazijua. Babu asante. Mama Neema, mama yupo hai na namtumia kila mwezi, usiwe na wasiwasi.

Nimezipata kwa njia ya kawaida tu. Hakuna aliyeibiwa. Tuendelee na hilo la Jumamosi, jamaa anataka jibu.

Shangazi wa Lausanne

Mdogo wangu, kabla ya Jumamosi niambie una kibali gani cha kuishi huko, L cha muda mfupi au B cha muda mrefu? Nakuuliza kwa sababu nimeona vijana wetu wakiharibu maisha kwa mambo madogo. Kuna mmoja tulikuwa naye kwaya, kijana mpole, alianza kuuza viti vya zamani alivyookota pembeni ya barabara. Mwisho wake aliitwa kueleza mapato ambayo hakuyaandika kwenye kodi. Viti!

Mimi mwenyewe ninayo moja ya Genève, santimu 1, niliinunua Plainpalais kwenye soko la vitu vya mitumba. Wenzetu wa Genève walikuwa wameshaanza kuhesabu kwa santimu mwishoni mwa miaka ya 1830, wakati huko kwenu Schwyz bado ni Angster. Naipenda sana. Ipo kwenye pochi yangu na risiti yake naijua ilipo.

Sarafu Kuukuu

Kibarua, nisamehe, narudi pale pale. "Njia ya kawaida" si jibu.

Anayenunua sokoni huchagua. Hanunui Rappen sita za Luzern za mwaka mmoja zilizochakaa sawasawa, hanunui zilizoshikana. Anayerithi kutoka kwa mkusanyaji anakuta bahasha, vikaratasi, namba za katalogi. Wewe una fungu la hela ndogo ndogo za matumizi, za majimbo ya karibu karibu, zenye kutu moja, na mwisho wake ni mwaka mmoja unaojulikana. Hizo zilikuwa pamoja sehemu moja kwa miaka mingi sana. Zilikuwa wapi?

Wakili wa Mtaani

Naunga mkono swali. Na mimi nina sababu zangu za kuuliza. Jibu kwanza.

Kibarua wa Milimani

Sawa wakuu. Sikutaka kulisema kwa sababu wenzangu wa kazini nao ni Waswahili wawili watatu na humu wanapita.

Kampuni yetu ni ya ukarabati. Tunabomoa ndani ya nyumba ya zamani ya wakulima, chini zizi la ng'ombe, juu ghala la majani makavu. Mwenyewe amenunua anataka igeuzwe makazi. Mwenzangu Mreno alikuwa anabandua plasta ya ukuta wa nyuma, jiwe moja likatoka, nyuma yake kukawa na kishimo, ndani yake kifurushi cha kitambaa kilichokakamaa. Kitambaa kikapasuka, sarafu zikamwagika. Tulikuwa sisi wawili tu.

Tukagawana nusu kwa nusu palepale. Hizi arobaini na kidogo ni nusu yangu.

Kabla hamjanirukia: mwenye nyumba alimwambia msimamizi kwa mdomo wake kwamba kila kitu kilichomo kitupwe kwenye kontena la kifusi. Kila kitu. Tusingeziona, zingeenda jalalani na chokaa yake. Kwa hiyo tumeokoa, hatukuchukua. Na yule mtu ana nyumba nyingine mbili, faranga chache chache hizi kwake si kitu. Mreno ana watoto watatu. Ndiyo maana nimesema hakuna aliyeibiwa, na nasema tena.

Chaupele

Wazee chukueni chenu mapema. Ukuta umewalipa posho.

Mama Neema

Mwanangu, cha mtu ni cha mtu hata kikiwa kifusini. Kuwa na nyumba tatu si kosa linalohalalisha achukuliwe mali. Tena kilichofungwa kwenye kitambaa kikafichwa ukutani, huyo aliyekificha alikuwa na hofu, labda ilikuwa akiba ya mwisho ya familia yake. Mimi ningekosa amani kukiweka ndani.

Na huyo Mreno mwambie mama wa humu amesema arudishe.

Wakili wa Mtaani

Nilitegemea kitu kama hiki. Kibarua, soma taratibu.

Kifungu cha 723 cha Sheria ya Kiraia ya Uswisi kinaongelea vitu vya thamani vilivyofichwa zamani kiasi kwamba ni hakika hakuna tena mwenyewe. Vinakuwa vya mwenye ardhi au mwenye kitu ambamo vimekutwa. Aliyevikuta ana haki ya malipo yanayostahili, yasiyozidi nusu ya thamani. Unaona? Nusu unayoisema wewe ipo kwenye sheria, ila ni nusu ya juu kabisa, inatoka mkononi mwa mwenye nyumba, na mngegawana wewe na mwenzako.

Kifungu cha 724 ni kikali zaidi. Kitu cha kale chenye thamani ya kitaalamu ni mali ya jimbo kilimokutwa. Hakiuzwi bila ruhusa ya mamlaka ya jimbo. Mnunuzi hata kama hakujua chochote, hakiwi chake. Na dai la jimbo halifi kwa kupitwa na miaka. Aliyekikuta analipwa hapo pia, kwa kadiri inayostahili, isizidi thamani ya kitu chenyewe.

Hizi zako zinaangukia kifungu kipi? Wanaoamua ni watu wa jimbo. Siyo wewe, siyo Mreno, siyo mimi, wala huyo wa Jumamosi. Na hiyo "kila kitu kitupwe" haikusaidii: mtu anaposema kifusi kitupwe hatoi kitu asichojua kama kipo.

Kuhusu bahasha ya Dar, hiyo kauli naomba usiirudie hata humu.

Kibarua wa Milimani

Wakili nimekuelewa ila sheria inaandikwa na watu wenye nyumba. Nikimwambia msimamizi leo, swali la kwanza litakuwa kwa nini sikusema siku ile ile. Kibali changu kinategemea mkataba. Shangazi ameuliza, ndiyo hiyo, L. Nikisema napoteza kazi, nikikaa kimya hakuna anayejua. Nyie mngefanyaje?

Na yule mnunuzi anataka zile za Ticino tu na za Schwyz zilizo safi kidogo. Nyingine hana haja nazo. Nilikuwa nafikiria nimpe hizo tu, halafu zinazobaki ndiyo nizitolee taarifa. Si hapo kila mmoja anapata?

Sarafu Kuukuu

Hapana. Hapo ndipo utakuwa umeliua fungu zima.

Sikiliza. Rappen moja ya Luzern ya mwaka 1839 mimi ninayo, majirani zangu wanazo, minada imejaa. Kwa peke yake haituambii lolote jipya. Lakini Rappen za Luzern, Angster za Schwyz, Zug, na denari nne za Ticino, vyote kwenye kitambaa kimoja ndani ya ukuta mmoja, hiyo ni habari ya mtu aliyekuwa anatembea na kufanya biashara, na fedha aliyokuwa anapokea njiani. Ukitoa za Ticino, anabaki mkulima wa jirani ambaye hajawahi kuvuka mlima. Umembadilisha mtu.

Bern kuna ofisi inayoitwa Inventar der Fundmünzen der Schweiz, kazi yake ni kuandika sarafu zilizokutwa kila pembe ya nchi: wapi, kina gani, pamoja na nini. Hata za shaba, hata zilizochakaa. Hizo hela za kimaskini ndizo zinazoonyesha watu wa kawaida walilipana na nini, kwa sababu za dhahabu na za fedha zilikaa kwa wakubwa. Shirikisho lilipopitisha sheria ya sarafu Mei 1850, za majimbo zikakusanywa, zikabadilishwa, zikayeyushwa. Kilichobaki ukutani ndicho kilichokwepa tanuri.

Kile kitambaa kiko wapi?

Mnoko Mstaafu

Samahani kwa kuingilia mahubiri. Mimi hii naona ni chai, tena imekolea tangawizi.

Moja, nyumba ipo Schwyz wanakoongea Kijerumani, halafu zinatoka hela za Kiitaliano. Mbili, mtu amegawana "palepale" lakini anajua miaka yote ya kwake na hajui hata moja ya mwenzake. Tatu, hakuna picha. Nne, na hii ndiyo kubwa, nimepitia nyuzi zake za nyuma. Mwezi uliopita ameuliza kwenye jukwaa la madini bei ya ditekta ya kutafutia vyuma chini ya ardhi, na kama inapita posta. Wakuu, unganisheni wenyewe. Ama hadithi yote ametunga, ama ukuta haupo, kuna shamba la watu ameingia usiku na ditekta, na sasa anatafuta hadithi itakayokubalika.

Chaupele

Aisee. Naongeza vitafunwa.

Wakili wa Mtaani

Kama ni ditekta shambani, ni jambo jingine kabisa. Huko kutafuta vitu vya kale ardhini kunahitaji ruhusa ya jimbo. Kibarua, jibu hili kwa makini.

Kijana wa Likoni

Hiyo hoja ya kwanza ya Mnoko haina miguu. Fedha hufuata biashara, haifuati lugha. Hapa Mombasa zamani dola ya Maria Theresa iliyopigwa Ulaya na rupia ya Kihindi zilikuwa zikitumika pamoja sokoni, na hakuna aliyesema muuza tende ni mwongo. Kama pana njia ya misafara, hela za pande zote zitakutana tu.

Sarafu Kuukuu

Ndivyo, na njia ipo. Kutoka Luzern unapita ziwa mpaka Flüelen, unapanda Uri, unavuka mlima Gotthard, unashukia Airolo ambako tayari ni Ticino. Schwyz iko pembeni mwa ziwa hilo hilo. Kufikia 1830 barabara ya magari ya farasi ilikuwa imeshafika juu ya mlima mpaka upande wa pili. Ng'ombe na jibini vilishuka kusini, divai na mchele vilipanda. Denari nne za Ticino kwenye kifurushi cha Schwyz hazinishangazi hata kidogo. Ningeshangaa zaidi kama angetaja ishirini za Genève.

Hoja ya ditekta sina jibu nayo. Hiyo ni yake.

Babu wa Chumbageni

Na mimi niongeze kuhusu mwaka 1846. Nimekuwa nikisoma historia za vita za watu tangu nilipostaafu ualimu. Novemba 1847 Uswisi walipigana wenyewe kwa wenyewe. Majimbo saba ya Kikatoliki yaliyokuwa na umoja wao, Sonderbund, yakapambana na majeshi ya shirikisho chini ya Jenerali Dufour. Luzern, Schwyz, Uri na Zug zilikuwa upande mmoja, Ticino upande wa pili, na watu wa Uri walivuka mlima wakawapiga Waticino pale Airolo. Vita haikumaliza hata mwezi. Sasa mtu wa Schwyz anayefanya biashara na Ticino, sarafu yake ya mwisho ni ya 1846, vita inaanza 1847. Mimi naona mkono unafunga kitambaa.

Shangazi wa Lausanne

Babu umenisisimua. Na inawezekana kabisa hakurudi.

Kibarua wa Milimani

Mnoko, ditekta ni ya binamu yangu yuko Chunya, anatafuta dhahabu, aliniomba nimuulizie bei za huku. Uzi ule usome mpaka mwisho utaona nimeandika Chunya. Mimi sijawahi kuishika.

Picha nimeweka sasa hivi. Ya kwanza ni ukuta, nimekata uso wa Mreno. Ya pili sarafu zangu. Ya tatu kipande cha kitambaa kilichobakia mfukoni mwa koti langu la kazi, kimegeuka kijani. Kingine kikubwa Mreno alikitupa kwenye kontena, na kontena bado halijachukuliwa.

Miaka ya mwenzangu siijui kwa sababu alitia mfukoni tukarudi kazini, msimamizi alikuwa anakuja. Huo ndio ukweli.

Mnoko Mstaafu

Nimesoma mpaka mwisho, Chunya ipo. Picha nimeziona. Ukuta ungeweza kuwa wowote lakini kipande cha kitambaa kimenipunguza kasi. Sijasema nimeamini.

Sarafu Kuukuu

Mimi nimeamini, na sababu ni hicho kitambaa. Kikuze uangalie. Kwenye sarafu ya pili mstari wa juu, ukijani una alama za nyuzi, za urefu na za upana, kama zilivyo kwenye kipande chenyewe. Shaba ikioza kidogo inaingia kwenye nyuzi, na wadudu wanaokula nguo hawaiwezi shaba, ndiyo maana kitambaa kinabaki pale tu kilipogusa chuma. Hilo halitengenezwi na ndimu wala na mtu wa kutunga hadithi.

Kwa hiyo Kibarua, kesho asubuhi kabla ya kitu kingine: kitambaa kwenye kontena. Kitoe, kikunje kwenye karatasi, usikioshe. Piga picha ya kile kishimo kabla mtu hajakijaza saruji, uweke rula pembeni. Halafu muongee na mwenye nyumba, wewe na Mreno pamoja.

Wakili wa Mtaani

Na mseme hivi: tumekuta, tumetunza zote, tunataka zifike kwa watu wa mambo ya kale wa jimbo. "Zote" ndiyo neno lenye nguvu hapo. Mtu aliyeleta fungu kamili akiwa amechelewa siku kadhaa ana pa kusimama. Mtu aliyeleta fungu lililotolewa Ticino yake hana. Kuhusu mkataba wako, andika barua fupi yenye tarehe, nakala ubaki nayo. Nitumie ujumbe wa faragha nikuelekeze kwa watu wanaosaidia wafanyakazi bure.

Kibarua wa Milimani

Sijasema nitafanya hivyo wala sijasema sitafanya. Yule wa Jumamosi ameniongezea bei ya zile nne. Nyie hamjui ugumu wa huku, faranga mia mbili kwangu ni kitu.

Mama Neema

Tunajua mwanangu. Ndiyo maana tunaandika usiku huu wote.

Babu wa Chumbageni

Kijana, umeshamuuliza mwenzako ana nini?

Kibarua wa Milimani

Nimempigia sasa hivi. Alikuwa amezitia kwenye chupa ya mayonezi, hajauza hata moja, mke wake amemkatalia. Amenitumia picha. Nyingi ni kama zangu. Luzern, Schwyz, Schwyz, Zug, moja ya Ticino tena. Ila kuna moja siielewi. Ngao ina msalaba, juu imeandikwa HELVETIA, nyuma namba 2 tu ndani ya shada la majani. Mwaka 1850.

Sarafu Kuukuu

Rudia mwaka.

Kibarua wa Milimani

1850. Nimemwambia aikuze. Ni 1850 kabisa.

Sarafu Kuukuu

Hiyo ni ya shirikisho. Rappen 2, ya kundi la kwanza kabisa la faranga mpya, na kundi hilo la mwanzo lilipigwa Ufaransa kwa kuwa Uswisi haikuwa na uwezo wa kupiga nyingi kiasi hicho kwa mara moja.

Babu, vita yako imeondoka. Aliyeficha alikuwa hai baada ya vita, baada ya katiba ya 1848, na aliishika fedha mpya kwa mkono wake. Alijua za majimbo zinakusanywa, akazifunga pamoja na moja ya mpya, akaziweka ukutani badala ya kwenda kuzibadilisha. Kwa nini? Sasa hapo pana swali.

Kwa nusu ya Kibarua peke yake tungeandika 1847 na tungekosea.

Babu wa Chumbageni

Imeondoka kweli, na nilikuwa nimeshaipenda. Labda alichelewa tarehe ya kubadilisha. Labda hakuiamini serikali mpya, Schwyz walikuwa wameshindwa vita na shirikisho hilo hilo.

Mnoko Mstaafu

Hapa nakubali. Mtu wa kutunga angeiacha hadithi ya vita, ilikuwa nzuri zaidi.

Shangazi wa Lausanne

Kibarua, Jumamosi je?

Kibarua wa Milimani

Nimemwandikia kwamba za Ticino haziuzwi. Amejibu kwa matusi. Mreno anasema tuonane getini saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ya msimamizi, tuingie kwenye kontena. Kuhusu mwenye nyumba bado tunabishana nani aanze kuongea, yeye Kijerumani chake ni kizuri zaidi ila anaogopa kuliko mimi.

Wakili, nimekutumia ujumbe. Sarafu Kuukuu, hicho kitambaa kikiwa kimelowa kwa mvua nikianike au nikiache?

Sarafu Kuukuu

Usikianike juani wala karibu na hita. Karatasi nyeupe ya kunyonya, juu na chini, ndani ya kisanduku kilicho wazi. Na kama kuna sarafu imenasa humo, iache ilivyo. Nipo macho, niandikie ukikipata.